Mwanahabari wa Mowlem, Mtoto Mchanga na Hadithi ya Kwanza

Mwongozo huu ni wa mwanahabari aliyepata mtoto juzijuzi na ambaye, katikati ya nepi na makataa ya mhariri, ameanza kuona kwamba habari hazimtoshi tena. Labda unakaa Mowlem, hapa Nairobi, kama mimi, au hapo jirani Umoja, Kariobangi South au Komarock. Mchana unaandika habari za kaunti, za mahakama, za ajali. Jioni unarudi nyumbani na yale ambayo gazeti halikuyataka: shahidi aliyekuwa akivuta uzi wa sweta yake muda wote wa kuhojiwa, au mzee aliyekuja kutambua maiti akiwa amevaa suti ya harusi. Unataka kuyatungia hadithi. Na kila unayemwambia anakujibu kwamba umechagua wakati mbaya, mtoto akue kwanza.

Mimi nasema wakati ni huu, kwa masharti mawili. Usiache mshahara, na uanze na hadithi fupi.

Mshahara kwanza

Mtu wa kuigwa hapa ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, yule aliyemtunga mpelelezi Bwana Msa. Alitoka idara ya afya akaingia uandishi wa habari mwaka 1948 kama mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akafanya kazi katika Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Tuzo kama hiyo ingemlevya mtu. Yeye alikuwa ameshika kazi ya kuhariri Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika, tangu 1958, na hakuiacha hadi alipostaafu mwaka 1968. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka huohuo wa 1968, na Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na Mwana wa Yungi Hulewa vikafuata miaka ya 1970. Kitabu kilichoifungulia njia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kiliingia madukani huku mwenyewe akihariri habari za wakulima.

Wewe una sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Mrabaha wa vitabu hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali mwenye nyumba anadai kila mwezi, na tokeni za stima huisha wakati wowote. Mwandishi mwenye njaa huandika kwa hofu, na mtoto ndani ya nyumba yenye hofu hulia zaidi. Hilo la pili nalisema kwa kuona, si kwa utafiti.

Kama umeajiriwa, ijue haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Uliza kuhusu mahali hapo mapema, kabla hujarudi kazini. Lakini usiipangie riwaya likizo hiyo. Mwili wa mama unapona, na baba anajifunza kuosha chupa saa tisa usiku. Katika miezi hiyo andika vidokezo tu: sentensi moja leo, jina la mhusika kesho.

Ikiwa wewe ni mwandishi wa kulipwa kwa kila habari, huna likizo. Basi weka akiba kwenye chama kabla mtoto hajazaliwa, na uamue mapema ni habari ngapi kwa wiki zitatosha kulipa kodi na chakula. Hizo ndizo utakazoandika, hata mhariri akikuita kwa nyingine. Pia usiisahau bima. Oktoba 2024 shughuli za NHIF, mfuko wa bima ya afya, zilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambako mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kisha hulipia mwaka mzima. Hakikisha mtoto amesajiliwa chini ya jina lako kabla ya kufikiria mhusika mkuu. Ukienda hospitali ya Mama Lucy usiku na mtoto mwenye homa, hakuna hadithi itakayokusaidia pale dirishani.

Kisha usome mkataba wako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoifanya ndani ya ajira yako huhesabiwa kuwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo usitungie hadithi kwenye kompyuta ya ofisi, usiitume kwa anwani ya ofisi, na usiiandike saa za zamu. Mkataba ukikataza kazi ya nje, omba ruhusa kwa barua na uihifadhi.

Na je, ukipunguzwa kazi? Vyumba vya habari vya Nairobi vimepunguza watu mara nyingi miaka hii, na huenda zamu yako ikafika bila wewe kuchagua. Sheria inataka mfanyakazi aliyeondolewa kwa kupunguzwa alipwe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Fedha hizo zigawe kwa miezi ya kodi kwanza. Zikitosha nusu mwaka, basi umepata nusu mwaka wa kuandika huku ukitafuta kazi nyingine.

Nani atamshika mtoto

Hadithi nyingi za watu wenye watoto wachanga hufia hapa. Hazifi kwa kukosa kipaji. Zinakufa kwa sababu hakuna aliyesema wazi nani atamshika mtoto kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Wewe unayajua mambo ya zamu kutoka chumba cha habari. Andikeni zamu nyumbani na mzibandike mlangoni. Ukipata saa moja ya kuandika Jumanne, mwenzako naye apate saa moja yake Jumatano, akalale au akaende saluni, wala asiulizwe ameifanyia nini. Wanaume wenzangu, hili linatuhusu zaidi: mke aliyemshika mtoto siku nzima hana deni la kukupa usiku wako wa kuandika.

Kama unalea peke yako, huenda una mama yako, jirani, yaya, au nyumba ya kulelea watoto kwenye ghorofa ya chini. Za aina hiyo ziko nyingi hapa Eastlands, nzuri na mbaya. Ingia bila kutoa taarifa saa za mchana. Hesabu watoto na hesabu wanaowalea. Tazama kama kuna dirisha, maji ya kunawa, na mahali pa kulala pasipo karibu na jiko. Ukiona watoto wote wamelala fofofo saa ambayo si ya kulala, ondoka na usirudi. Hakuna hadithi inayostahili mtoto akae mahali pa namna hiyo. Na ukimlipa yaya ili uandike, mlipe saa hizo kikamilifu. Kazi yake ndiyo inayozaa kurasa zako.

Ratiba ya chanjo iingize kwenye kalenda ya uandishi: baada ya zile za kuzaliwa kuna wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9. Mtoto anaweza kupata homa baada ya sindano na usiku huo hamtalala. Usimwahidi mtu yeyote mswada wiki hizo.

Mowlem yenyewe ina kelele, na yafaa kuzijua saa zake. Honi za matatu za Kangundo Road huanza kabla ya alfajiri. Mafundi wa kuchomelea huanza asubuhi. Ijumaa kuna kesha na Jumapili kuna vipaza sauti vya makanisa. Utulivu wa kweli huja kati ya saa saba na saa kumi usiku, na mara nyingi hizo ndizo saa za kunyonyesha. Mzazi aliyeketi gizani na mtoto kifuani ana mkono mmoja na simu. Tumia kinasa sauti cha simu kama ulivyokitumia kwenye mahojiano: nong'ona mandhari, nong'ona mazungumzo ya wahusika, kisha mchana uyanakili. Kila ulichorekodi kijitumie kwa barua pepe siku hiyohiyo. Simu hunyakuliwa dirishani mwa matatu kila siku, na sura tatu zisiende nayo.

Ukipata Jumamosi asubuhi, toka nyumbani. Maktaba ya taifa ina tawi Buruburu. Kaloleni na Makadara kuna matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyofufuliwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Saa mbili kwenye meza ya maktaba hushinda siku nzima ya kuandika kitandani.

Mambo ya kuacha na ya kubaki nayo

Sasa tufike penyewe. Chukua sentensi hii, ambayo wewe na mimi tungeiandika bila kufikiri: "Mwanamke mwenye umri wa miaka 34 alinusurika kifo jana usiku baada ya moto kuteketeza nyumba yake katika mtaa wa Mowlem." Ni sentensi nzuri ya habari. Inasema nani, lini, wapi na nini, ili msomaji aliye kwenye matatu apate yote kabla hajashuka, na mhariri akikosa nafasi akate kutoka chini. Kwa hadithi ni hasara, kwa sababu imemaliza kila kitu. Jaribu hivi: "Alikuwa amesimama nje na sufuria ya uji mkononi. Majirani walimpokonya blanketi, wakampokonya mtoto, lakini sufuria hakuiachia." Moto haujatajwa. Msomaji atautafuta mwenyewe, na akiutafuta amekwisha kuingia ndani ya nyumba.

Zoezi langu kwa kila mwanahabari ni hili. Toa habari yako ya zamani iliyochapishwa. Futa aya mbili za kwanza. Nenda karibu na mwisho, pale ulipotupa jambo dogo ambalo hukujua uliweke wapi. Mara nyingi huko ndiko mtu aliko. Anzia hapo, na usiandike neno lolote kuhusu kilichotokea mpaka umejua mtu huyo aliogopa nini asubuhi ya siku ile.

Tabia ya pili ni ya kujikinga: "kwa mujibu wa", "inadaiwa", "alisema haya alipokuwa akihutubia". Kwenye habari maneno hayo yanakulinda mahakamani. Kwenye hadithi yanamwonyesha msomaji mtu anayeogopa kusema alichokiona. Wewe ndiye shahidi sasa. Sema mvua ilinyesha.

Ya tatu ni usawa. Tumefundishwa kuupigia simu upande wa pili. Mtunzi akae na mtu mmoja, aone dunia kwa macho yake, hata mtu huyo akiwa mdhalimu kwa mumewe au mwongo kwa mamake. Mwache akosee. Msomaji ana akili ya kumhukumu.

Ya nne ndiyo ngumu kwetu tunaoandika Kiswahili. Gazetini watu wote wanazungumza lugha moja, kwa sababu sisi ndio tuliowatafsiria: chifu, mama mboga na mshukiwa wote wanasema "tunaitaka serikali iingilie kati". Kaa kwenye ngazi za ploti yako jioni moja usikilize. Mlinzi wa nyumba anasema, "Mathe, hiyo maji ni ya kufua tu. Ya kunywa ngoja kesho." Mama wa ghorofa ya tatu, aliyetoka Machakos, anamjibu kwa sentensi iliyoanza kwa Kikamba na kuishia Kiswahili. Mtoto wake anachangia kwa Sheng. Kila mmoja na mdundo wake, na mdundo huo ndio unaomjenga mtu. Simulia kwa Kiswahili sanifu kilichotulia, uwaachie wahusika midomo yao. Ila usijaze kurasa na Sheng ya mwaka huu kwa ajili ya kuonyesha kwamba unaijua. Nyingi yake itakuwa imekufa kitabu kikitoka. Chagua neno moja au mawili, mengine yabebwe na mpangilio wa sentensi.

Na yapo ya kubaki nayo. Unajua bei ya mtungi wa maji, jina la kila chombo kwenye karakana za Kariobangi, na namna karani wa mahakama anavyofunga faili. Unajua kwenda na kuuliza. Unaweza kukatwa maneno mia tano bila kulia. Watunzi wengi huteseka miaka kupata hayo, na wewe umelipwa kujifunza.

Waliokuamini

Mtu aliyekueleza msiba wake alikupa kwa ajili ya habari. Hakukupa ruhusa ya kumfanya mhusika. Ubadilishe kazi yake, umri, mtaa, hata jinsia, mpaka mzazi wake akisoma asimtambue. Huo ni uungwana, na pia ni kinga dhidi ya kesi ya kuchafua jina. Na mtoto wako umtendee vivyo hivyo. Atasoma siku moja.

Wahome Mutahi alituonyesha namna ya kuileta nyumba kwenye maandishi. Katika safu yake ya Whispers, iliyosomwa tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 2003, mke, watoto na mama walikuwa wahusika wenye majina ya utani: Thatcher, Whispers Junior, Investigator, Appepklonia. Wakenya walijiona humo bila yeyote kuvuliwa nguo. Mwandishi huyohuyo alikamatwa mwaka 1986 akihusishwa na vuguvugu la siri la Mwakenya, akafungwa. Mambo ambayo habari za enzi ile hazingeweza kuyabeba aliyapeleka kwenye riwaya: Three Days on the Cross ikatoka 1991, na The Jail Bugs mwaka uliofuata. Ukiwa na jambo la kweli lisilo na ushahidi wa kutosha kwa mhariri, huenda ni hadithi.

Mtoto mwenyewe akiingia hadithini, aingie na kazi yake yote. Soma Going Down River Road ya Meja Mwangi, ya mwaka 1976: Ben, mfanyakazi wa mjengo, anaachiwa mtoto na mwanamke aliyeondoka, na mtoto huyo anataka kula, anamkasirisha na kumfunga. Nairobi ya kitabu kile ni ya kweli kwa sababu mtoto hakugeuzwa malaika.

Hadithi fupi kwanza

Maneno 2,000 hadi 3,000 ni urefu wa makala ya wikendi. Tayari unajua kuubeba. Tena urefu huo unaingia kwenye kichwa cha mzazi asiyelala, kwa sababu unaweza kushika hadithi nzima akilini ukiwa unafua. Grace Ogot, aliyekuwa muuguzi na mtangazaji wa BBC jijini London, alianza kuchapisha hadithi fupi mapema miaka ya 1960, akiwa ameolewa mwaka 1959. Riwaya yake, The Promised Land, ilitoka 1966, na mkusanyiko wa hadithi, Land Without Thunder, 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikuwa mume na baba, mwanafunzi wa Makerere na mwandishi wa safu gazetini, alipokuwa akiandika vitabu vyake vya kwanza. Weep Not, Child ilitoka 1964. Hawa hawakusubiri nyumba itulie.

Kabla ya kuandika, soma walioandika kwa Kiswahili. Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba na Mapambazuko ya Machweo ni mikusanyiko iliyosomwa shuleni, hivyo nakala kuukuu zinapatikana kwa bei nafuu kwa wauza vitabu vya mitumba. Wachapishaji wa Nairobi hutafuta hadithi za mikusanyiko kama hiyo, na soko la shule ndilo kubwa. Lakini ushauri wangu ni kwamba usitunge kwa kulenga mtihani. Hadithi iliyojaa mafunzo kila ukurasa huchosha hata mwalimu. Ukifikia riwaya, ipo Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa.

Kuhusu fedha, mrabaha mara nyingi huwa karibu asilimia 10, na kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa kabla hujalipwa. Soma kifungu kinachosema asilimia hiyo ni ya bei gani, ya dukani au ya jumla, maana tofauti yake ni kubwa. Anayekutaka ulipe ili akuchapishe anakuuzia huduma ya uchapaji. Huenda ni huduma nzuri, ila ujue hivyo, na nambari ya ISBN unaweza kuichukua mwenyewe kwenye maktaba ya taifa.

Swali la lini kuacha habari kabisa utaulizwa na wengi. Mimi ningengoja mtoto aingie PP1, darasa la chekechea. Wakati huo utakuwa na hadithi kadhaa, utajua kama kuna anayezitaka, na asubuhi za wiki zitakuwa zako.

Ukimaliza ya kwanza, mpe mtu mmoja asiye mwanahabari aisome, umwulize alichoka wapi. Rekebisha hapo tu. Itume kwa mchapishaji mmoja kwa maelekezo yake, ngoja miezi mitatu, kisha uulize kwa barua ya mistari mitatu. Katika miezi hiyo usikae ukichungulia barua pepe. Andika ya pili.